Vidonge Alivyoviacha Dada Ndeshi

Siku ile ya soko la Ngaramtoni naikumbuka, mwanangu, tangu kulipokucha hadi jua lilipozama, na mimi siku hizi ni mtu wa kutoka sebuleni kwenda jikoni nikafika nimesahau nilichokifuata. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa na nguvu na mdomo mwepesi, na nilijiona ninajua mambo. Kaa kidogo nikusimulie, wewe binti wa kazi nyingi unayesema utapima afya ukipata nafasi, na wewe kijana wa kiume pia, kwa sababu una mama, na huenda una dada au mke.

Dada Ndeshi alinizidi miaka kumi na sita. Mama yetu alifariki nikiwa bado sijaanza shule, huko kwetu mlimani Kilimanjaro, na yeye ndiye aliyenilea. Alinisuka nywele, akanifundisha sala ya kulala na namna ya kumenya ndizi bila kujitia utomvu nguoni. Alipoolewa na bwana shamba wa serikali akahamia Arusha, haikupita muda akanifuata nyumbani akanichukua. Nilipoolewa na mimi, nilipanga vyumba viwili Daraja Mbili, yeye akiwa Njiro kwenye nyumba yao yenye uzio na maua ya mbele. Nilimwita dada, lakini moyoni alikuwa mama.

Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kuujua ule wakati vizuri. Kabla yake tulipanga foleni kwa sukari, tukapanga foleni kwa sabuni, na mafuta ya kupikia yakipatikana unayatia chupani unayapima kwa kijiko kama dawa. Halafu ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa. Mafuta yakaja kwa makopo makubwa, soda zikajaa kila kona, chipsi zikaanza kukaangwa hadi vichochoroni. Tulikula, mwanangu. Tulikula kama watu waliotoka kifungoni. Kitu ambacho zamani tulikichemsha sasa tulikikaanga, na kilichokuwa kimekaangwa tulikiongezea mafuta. Chai ilikuwa haijawa chai mpaka kijiko kisimame kwa sukari. Na mtu akinenepa watu walimpongeza barabarani wakimwambia mji umempokea. Dada Ndeshi alinenepa, na kila tulipopita watu walimsifia, na mimi nilitembea kando yake nikijivuna kana kwamba ni mimi niliyemlisha.

Lakini hiyo ruksa ilikuja na jambo jingine. Mshahara wa serikali haukutosha tena, na wake wa watumishi wakaanza kutafuta cha kufanya. Wengine walifuga kuku, wengine walipika maandazi. Dada akaingia kwenye mitumba, au kafa ulaya kama wazee walivyoiita, na akanivuta na mimi. Tulinunua robota moja moja, lile furushi kubwa la nguo lililofungwa, tukachambua, siku za kawaida tukauzia pale Daraja Mbili, siku za soko tukapeleka Ngaramtoni ambako Waarusha na Wamaasai walishuka na mifugo yao wakitafuta masweta. Tuliipenda kazi ile. Ila ilikuwa kazi ya kukaa. Yule dada yangu aliyekuwa analima shamba la nusu eka kwa jembe la mkono, akapanda na kushuka mlima na mzigo wa majani kichwani, sasa alikuwa anakaa juu ya kigoda tangu asubuhi mpaka jioni, chipsi kwenye karatasi mkono huu na soda mkono ule. Nami nilikuwa hivyohivyo, ila nilikuwa kijana na mwili ulikuwa bado unanivumilia.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mimba yake ya mwisho, ile ya Aikande, ilimtesa sana dada. Miguu ilivimba, kichwa kikauma, presha ikapanda mpaka wakamlaza hospitali wiki kadhaa. Mtoto alizaliwa salama. Walipomruhusu wakamwambia asiache kurudi kupima, kwa sababu mwanamke aliyepata presha ya mimba anapaswa kuangaliwa hata baada ya kujifungua. Alirudi. Presha ikawa haijashuka. Wakamwandikia vidonge vya kumeza kila siku, vya kwenye bahasha ndogo ya kaki, na akawa anavimeza kila asubuhi baada ya chai. Alimeza hivyo mwaka mzima na zaidi, bila kelele.

Jumamosi moja nilikwenda kwake Njiro kumsaidia kuchambua mchele wa ugeni wa kipaimara. Tulikuwa tumekaa barazani na sinia katikati yetu. Akanyanyuka, akaenda kuchukua maji, akameza kidonge chake, akarudi kukaa.

Nikamuuliza, "Dada, kwani unaumwa nini hasa?"

"Siumwi kitu. Ni hii presha."

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Sasa mtu asiyeumwa anameza dawa ya nini?"

Akacheka. Nami nikaendelea, kwa sababu nilikuwa na wanawake wenzangu kule Daraja Mbili ambao tuliyajadili mambo hayo kila jioni kwenye bomba la maji, na wote tulikuwa madaktari. Nikamwambia kwamba dawa za presha ukishaziingia hutoki, mwili unazizoea, unakuwa mtumwa wake mpaka kufa. Nikamwambia kuna mama mmoja alizitupa zote akaanza kunywa maji ya vitunguu saumu na ndimu, na sasa yuko mzima anacheza kwaya. Sikumjua mama huyo. Nilikuwa nimesikia tu. Lakini nilisema kama mtu aliyemwona kwa macho, na wiki iliyofuata nikampelekea dada vitunguu saumu nusu mfuko.

Baada ya muda akaniambia ameviacha vile vidonge na anajisikia vizuri tu. Nilifurahi sana. Nilijiona nimemtoa mahali pabaya.

Nisikilize hapa, mwanangu. Presha haipigi hodi. Inaweza kukaa mwilini miaka, inaisukuma mishipa na kuuchosha moyo, na wewe unalala, unakula, unacheka na watu. Hilo sikulijua. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sote tulilisadiki, wasomi na wasiosoma: kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wanaume. Ni wa wakubwa wenye vitambi na magari, wanaoanguka ofisini wakishika kifua. Mwanamke akisema kifua kinambana, aliambiwa ana mawazo. Akisema amechoka, aliambiwa nani hajachoka. Hivyo ndivyo tulivyowazika wengi tukisema wamekufa ghafla.

Ikapita miezi. Kuelekea siku ile ninayokusimulia, dada alianza kuchoka kwa namna ambayo si yake. Alitandika kitanda akakaa kupumzika. Tukipanda ule mwinuko mdogo kutoka barabarani alisimama njiani, anajifanya anarekebisha kitenge, kumbe anatafuta pumzi. Mara moja aliniambia usiku halali vizuri. Nikamwambia ni umri, dada, na hedhi nayo inakaribia kukoma, mtajuana huko. Nilisema kwa utani.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, ile baridi ya mwezi wa saba ambayo Mlima Meru unajifunika mpaka tumboni na watu wanatembea wamekunja mikono. Kwa sisi wauza masweta hiyo ilikuwa siku njema. Tulifika Ngaramtoni asubuhi, tukashusha robota kutoka kwenye gari, yeye upande ule na mimi upande huu. Tulipoliweka chini, dada hakulifungua. Aliketi juu yake. Nikamwona anatokwa jasho. Watu wote sokoni wamejifunika, na yeye jasho linamtoka usoni kama anayepalilia mchana wa jua.

"Mdogo wangu," akasema, "taya linaniuma. Kama jino, lakini si jino."

"Ni hii baridi," nikamjibu.

Nikafungua robota, yeye akasogea kwenye kigoda. Baada ya muda akasema mgongo unamchoma katikati ya mabega, na anahisi kutapika. Nikamwambia ni gesi, jana usiku tulikula maharage. Nilikuwa na vile vidonge vyeupe vya tumbo vya kutafuna, nikampa viwili, nikamnunulia na soda aipandishe ile gesi. Alitafuna. Dada alikuwa mtu wa kutii hata mdogo wake, na mimi bado hilo linaniuma.

Wateja wakaja wengi. Kulikuwa na mzee mmoja anachagulia familia yake nzima masweta, anayapima moja moja kifuani mwake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemshikilia nisimpoteze. Dada akaniita mara ya tatu. Alisema polepole, "Sijisikii vizuri. Kuna kitu."

Nami bila hata kugeuka nikamwambia, "Vumilia kidogo, dada, soko ndiyo linachangamka."

Nimeyasema maneno mengi maishani, mazuri na mabaya. Hayo ndiyo ningependa kuyarudisha.

Jirani yetu pale sokoni alikuwa bibi mmoja wa Kiarusha aliyeuza maziwa mgando kwenye vibuyu. Sote tulimwita Koko, ndivyo wanavyomwita bibi kwa lugha yao. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua. Aliinuka akaacha vibuyu vyake, akaja kuchuchumaa mbele ya dada. Akamtazama usoni. Akamshika mkono, mkono ulikuwa baridi na umelowa.

"Inauma wapi?" akamuuliza.

Dada akaonyesha taya, akaonyesha mgongo, kisha akaweka kiganja katikati ya kifua. "Hapa si maumivu. Ni uzito. Kama kuna mtu amekaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari za kifua. Wala sikuwa nimemuuliza.

Koko akasimama akanigeukia. "Mke mwenzangu alishika mgongo hivi," akasema. "Tulisema amechoka, tukamtandikia alale. Hakuamka. Huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Acha nguo."

"Koko, labda akipumzika kidogo," nikaanza.

"Acha nguo," akarudia, na hakupandisha sauti.

Ni yeye aliyetembea mpaka barabarani akasimama mbele ya gari la shamba moja la maharage mpaka dereva akafunga breki. Ni yeye aliyebaki na nguo zetu. Mimi nilipanda nyuma na dada, kichwa chake mapajani mwangu, na njia yote hadi mjini nilikuwa namwambia, "Dada, usilale, dada, niangalie." Alinitazama. Midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya majivu. Aliniambia jambo moja tu, kwamba funguo za kabati la nguo za shule za watoto ziko chini ya godoro. Nikajua anaaga, nikaanza kulia.

Hospitali walimpokea. Muuguzi mmoja mtu mzima akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapima, akapima tena mkono wa pili, akatoka haraka kumwita daktari. Wakamlaza, wakampa dawa, wakamwekea nyaya za mashine ya moyo kifuani. Jioni, alipotulia kidogo, daktari akaja kitandani. Nilikuwa nimesimama miguuni, shemeji yangu amefika na viatu vyenye udongo kutoka kazini.

Daktari akasema mshipa mmoja unaoulisha moyo umeziba, na sehemu ya moyo imeumia. Akasema ameletwa bado ana nafasi, na kwamba angechelewa zaidi tungekuwa tunaongea habari nyingine. Kisha akamuuliza dada kama alishawahi kuambiwa ana presha.

"Ndiyo," dada akasema.

"Na dawa?"

"Niliacha."

"Nani alikwambia uache?"

Dada hakunitazama. Alitazama dari, kisha akasema, "Hakuna. Nilijiachia mwenyewe tu, daktari. Uzembe."

Shemeji akainamisha kichwa, akafuta uso kwa kiganja. Alikuwa na haki ya kujua, na mimi nilikuwa na mdomo wa kusema, ule mdomo wangu uliokuwa haukosi neno. Nikainama nikajifanya nakunja shuka upande wa miguu.

Dada alikaa hospitali kwa majuma. Siku ya soko iliyofuata nilipanda Ngaramtoni kumshukuru Koko. Nilimpelekea sweta zito la sufu, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo. Alinikabidhi nguo zetu zimekunjwa, na zilizouzwa alinieleza moja moja zilichukuliwa na nani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Koko," nikampa lile sweta kwa mikono miwili, nikamwambia dada yuko hai kwa sababu yake. Alilipokea, akalilaza magotini, akalipapasa. Nikadhani ataniombea baraka.

"Siku ile," akasema, "dada yako alikuita mara tatu. Mara zote ulimjibu. Nilikuwa nasikia. Kumuuliza, hukumuuliza hata mara moja."

Basi. Akageuka kumpimia mtu maziwa. Hakunitukana wala kunisimanga, na hakuwa na habari yoyote ya vidonge. Lakini nilitoka pale nikiwa kama nimepigwa, kwa sababu nilijua kwamba hata vile vidonge ilikuwa hivyohivyo. Sikumuuliza dada daktari alimwambia nini. Sikumuuliza yeye mwenyewe anavielewaje. Nilimjibu swali ambalo hakuniuliza.

Ilinichukua karibu miezi miwili kusema. Dada alikuwa amerudi nyumbani, amepungua, anatembea taratibu akishika ukuta. Nilimkuta mchana mmoja barazani anachambua mchicha. Nikakaa. Nikaanza kulia kabla sijasema, naye akaendelea na mchicha wake. Nikamwambia yote. Kwamba ni mimi, na yule mama wa kwaya sikumjua, na kwamba nilinyamaza mbele ya daktari na mbele ya mumewe.

Alitoa jani lililooza akalitupa. "Nilikuwepo," akasema. "Unadhani nimesahau aliyeniletea vitunguu saumu?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme iwe nini? Nilikuwa mtu mzima, dawa zilikuwa mkononi mwangu. Wewe ulisema, mimi ndiye niliyeacha." Akavuta pumzi kwanza, maana maneno mengi kwa wakati mmoja yalimchosha. Kisha akanitazama kwa yale macho aliyonitazamia nilipokuwa mtoto nikiwa nimevunja kitu. "Mama yetu alifariki akiwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na kitu. Ghafla, shambani."

"Na wewe umepima lini?"

Nikasema sijapima. Siumwi kitu. Na yale maneno yaliponitoka nikayasikia.

"Machozi yako hayanisaidii," dada akasema. "Kesho asubuhi nenda kapime. Ndipo uje uniombe msamaha."

Nilikwenda. Muuguzi alifunga kile kitambaa, akakijaza upepo, akasikiliza, akanitazama. "Mama, una miaka mingapi?" Nikamwambia. Akaandika kwenye karatasi, akaniambia nirudi tena kesho na keshokutwa, maana hawampi mtu jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja. Nikarudi. Mara zote ilikuwa juu. Mimi niliyekuwa nambeza anayemeza kidonge bila kuumwa, nikatoka na bahasha yangu ndogo ya kaki.

Nilipompelekea dada ile karatasi aliisoma, akaikunja akanirudishia, akanivuta akanikumbatia pale pale kwenye kochi. Mumewe nilimwambia jioni ile ile, mbele yake. Alitoka nje kuangalia migomba yake, akarudi akasema tule.

Kuanzia hapo tulianza kujifunza kuishi. Daktari alimwambia dada atembee, lakini polepole, na aongeze kidogo kidogo. Basi Jumapili tukawa tunakwenda kanisani kwa miguu, mimi natoka Daraja Mbili mapema nakwenda kumchukua, na majirani wa Njiro wakawa wanasimamisha magari kuuliza kama la kwetu limeharibika. Mwanzoni tulisimama kila mti. Baada ya miezi tukasimama mara mbili tu. Kopo la mafuta tukaliweka juu ya kabati ambako mtu lazima apande kiti kulifikia. Tulirudi kwenye mambo ya kwetu, mtori wa ndizi usio na mafuta mengi, maharage, mboga za majani, samaki akipatikana, na loshoro tuliyofundishwa na majirani wa Kimeru, ile ya mahindi na maziwa mgando. Chumvi tukaiondoa mezani. Shemeji alinung'unika wiki tatu, akasema tunamlisha kama mgonjwa, halafu siku moja akala msibani akarudi analalamika kwamba chakula cha watu kina chumvi mno. Tulicheka mpaka dada akashika kifua, tukanyamaza wote ghafla, naye akasema, "Ni kicheko tu, tulieni."

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi kwangu. Kuna wakati nilichoka na vidonge. Kuna mwaka vilinifanya nikohoe, nikataka kuvitupa kimyakimya. Safari hii nilirudi kwa daktari nikamwambia, akanibadilishia aina nyingine, kikohozi kikaisha. Ilikuwa ni jambo la kuuliza tu.

Dada Ndeshi aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile ya soko. Moyo ulioumia haurudi kuwa mpya, na yeye alilijua hilo, akautunza kama mtu anavyolitunza gari la zamani. Alimwona Aikande akikaribia kumaliza shule ya msingi. Aliketi mbele kwenye harusi ya binti yake mkubwa, amevaa kitenge cha kijani, na hakuondoka mpaka mwisho. Alifariki mwaka uliofuata, asubuhi, akiwa kitandani kwake, sisi wote tukiwepo. Nilimlilia kama anavyoliliwa mama. Watu waliniambia tushukuru, miaka kumi na moja si haba. Nashukuru. Lakini sijaacha kujiuliza ingekuwa miaka mingapi kama ningemwacha aendelee na bahasha zake.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuachia haya, na uyachukue kwa mtu aliyeyalipia.

Nenda kapime hata kama huumwi, hasa kama huumwi. Pima presha, pima na sukari, na urudi kupima tena, isiwe mara moja ya maisha yote. Kama katika mimba presha ilikupanda au uliambiwa una sukari, usiseme yalikwisha mtoto alipozaliwa. Mwambie kila daktari atakayekuona mpaka uzeeni. Kama mama yako au shangazi yako alifariki ghafla akiwa bado na nguvu, uliza alikuwa na nini, usiogope kwamba utaambiwa unachokoza marehemu. Na hedhi ikikoma, ujue moyo wako sasa unahitaji jicho zaidi kuliko zamani.

Dawa uliyopewa na daktari usiiache kwa sababu ya mdomo wa mtu, hata kama mtu huyo ni mdogo wako anayekupenda. Ikikusumbua, rudi useme. Kula chakula chako lakini mkono uwe mwepesi kwenye chumvi, mafuta na sukari. Sigara na ugoro viache, na pombe usiifanye rafiki. Kazi yako ikiwa ni ya kukaa, tafuta mahali pa kutembea kila siku mpaka utoke jasho kidogo. Na ulale. Mwanamke anayejisifu halali anajisifia kitu kibaya.

Na siku kifua kikibana, au uzito ukikaa hapo katikati, au taya, shingo, mgongo au mkono ukiuma bila sababu, ukatokwa jasho la baridi, ukakosa pumzi, ukahisi kutapika, ukachoka uchovu usio wako, usisubiri soko liishe, wala ibada, wala wageni waondoke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukikuta ni gesi, rudi nyumbani ucheke. Na mwanamke mwenzako akikwambia hajisikii vizuri, usimjibu kwanza. Acha ulichoshika, mgeukie, umuulize ni wapi, na tangu lini. Wewe kijana wa kiume, neno hilo la mwisho ni lako kama lilivyo la dada zako.

Mungu aliyeupa moyo wako mapigo yake ya kwanza, kabla mama yako hajakuona, aendelee kuyahesabu kwa upole. Akupe watu wa kukusikiliza, na masikio ya kuwasikiliza. Uzeeke, mwanangu, uzeeke taratibu, mpaka wajukuu wakuombe upunguze hadithi.